Nilivyomfunga Mtani Wangu Mara ya Pili

Ndugu zangu mliovaa magwanda, na ndugu zangu mliovaa nguo za gereza, leo bwana jela ameruhusu mkae mkeka mmoja, basi na mimi nawasalimu kwa salamu moja. Asalaam aleikum. Wale wa milima ya Kilwa mnaokwenda kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee mliokaa kwenye benchi, shikamooni. Haya, mmeitikia vizuri, nimeridhika.

Nimetoka Mtanda asubuhi juu ya lori la mihogo, vumbi mnaliona wenyewe. Bwana jela wenu aliniletea barua kwamba kesho linaanza hapa darasa la wafungwa watakaosoma kwa posta, na kwamba wawili wenu wenye shahada ya kwanza wamekubaliwa waisome ya pili humu humu ndani. Akaniomba nije niseme kidogo. Nikamwuliza, niseme nini? Akanijibu, "Sema lile ulilolifanya." Kwa hiyo msinitazamie hotuba. Nimekuja kujivua nguo.

Tena nianze na jambo la leo leo. Pale langoni nilipokuwa nakunywa maji, nimemsikia askari mmoja akimwambia mwenzake: "Mwanangu amekosa nafasi ya sekondari, na huyu mhalifu anapewa shahada mbili!" Sitamtaja. Unacheka, bwana, lakini sitakutaja. Wala sikulaumu. Maneno hayo niliyasema mimi wakati wewe bado unalilia titi, na niliyasema kwa uchungu kukushinda.

Mimi nilikuwa askari magereza miaka kumi na minne. Si hapa, gereza jingine la shamba, lipo bara kidogo kutoka Lindi mjini, nalo nitaliacha bila jina. Nilikuwa na tepe mbili mkononi, buti zinang'aa, na sauti ya gwaride ambayo mke wangu alisema inaamsha kuku. Ukinitazama ungesema, huyu amefika. Lakini ndani nilikuwa na donda.

Donda lenyewe ni hili. Darasa la nane nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu. Wa kwanza, ndugu zangu, wakati mwalimu alikuwa bado anatuchapa kwa Kiingereza. Nafasi za sekondari kwa tarafa nzima zilikuwa mbili. Majina yalipobandikwa nikakuta mimi ni wa tatu. Baba alinishika mkono akasema, "Twende tukapalilie mikorosho," na hadithi ya kusoma ikaishia pale. Uhuru ukaja, Azimio likaja, vijiji vikahamishwa, na mimi bado ni wa tatu. Kila nilipomwona mtu amebeba kitabu kinene nilijisikia nimeibiwa.

Basi katika miaka ile ya kuhamia vijijini akaletwa mfungwa mmoja. Kijana mrefu, mwalimu wa kilimo, kwao Kikole upande wa Kilwa. Aliendesha gari la shule bila leseni, akamgonga mama mmoja njiani, mama akafa. Hakukana. Alimwambia hakimu, "Nimeua," akafungwa miaka yake. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu, na alipofungwa alikuwa ameshaanza kusomea ya pili.

Siku ya kwanza namwandikisha langoni, nikamwuliza kabila. Akasema, Mngindo. Nikapiga kelele, "Mtani! Umeletwa kwa mwenyewe! Nitakuhesabu na mbuzi zangu!"

Akanijibu pale pale, amevaa pingu, "Mmwera kupewa bunduki! Mwezi huu watakwisha kunguru wote wa Lindi, maana ukimlenga mfungwa humpati."

Askari wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa kweli. Mnajua wenyewe utani wetu sisi watu wa huku, si wa kujifunza. Wamwera na Wangindo tumerithi kwa mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuchukua kuku wako uani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kitu chako kwa kitu kingine, hata konzi ya karanga, mnacheka, yamekwisha. Na siku ya msiba wako ndiye anayekuchimbia kaburi. Kwa hiyo tulipendana siku ile ya kwanza. Nataka mjue hivyo, kwamba tulianza kwa kupendana.

Yaliyoniharibu yalikuja polepole. Bwana jela wetu alikuwa mtu wa elimu. Aliwaandikia wakubwa barua kwa barua mpaka wakamchoka, wakasema haya, mfungwa huyo aimalizie shahada yake gerezani, chuo kimekubali. Vitabu vikaanza kuja kwa karandinga, katika maboksi. Wafungwa wa useremala wakamtengenezea meza yenye mtoto wa meza na kufuli. Mimi askari wa tepe mbili nyumbani kwangu nakula mkekani, mfungwa ana meza yenye kufuli! Nililitazama lile kufuli nikaona limewekwa kunizuia mimi.

Kitu alichokuwa anakisomea ni ubwiri wa mikorosho, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Shamba la gereza lilikuwa na mikorosho mingi, basi kila siku wenzake wakilima yeye anatembea mti kwa mti, amefunga nyuzi nyekundu kwenye matawi, anahesabu maua mazima na yaliyougua, anaandika daftarini. Na nani anamlinda? Mimi. Msimu wa kwanza, msimu wa pili. Nimesimama juani na bunduki namlinda mtu anayehesabu maua. Wageni wakija kutoka wilayani bwana jela anawaleta kwake moja kwa moja. Wananipita mimi wanakwenda kumpa mkono mfungwa.

Nilimwonea wivu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana kwa uzee huu sipambi tena maneno. Nilimwonea wivu mtu aliyefungwa, mtu asiyeweza kwenda chooni bila kuniomba ruhusa. Nilitamani kufungwa mimi nipate ile meza. Mmeona mtu anavyoweza kupotea?

Hata hivyo hayo nilikuwa nayavumilia. Lililonishinda lilitoka kwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mjane, anakaa na mimi kwenye laini za askari. Ilipokuja kampeni ya kisomo, bwana jela akasema wake na wazee wa askari wote wasome, na mwalimu atakuwa huyo huyo mfungwa. Saa kumi alasiri, kwenye banda la korosho. Mama akaenda na kigoda chake. Nilidhani ataacha baada ya siku mbili. Hakuacha. Akawa anarudi anaimba silabi jikoni. Uji ukiungua anasema mwalimu amesema hivi, mwalimu amesema vile. Akipika viazi vitamu anaweka kimoja kando, "Cha mwalimu wangu." Namwambia, "Mama, yule ni mfungwa." Ananijibu, "Kwani ualimu umefungwa?"

Siku moja akaja na chaki imemjaa vidoleni. Akachukua mkaa, akaniandikia jina lake ukutani, herufi kubwa kubwa zimelala upande. Akasimama analitazama. Halafu akanigeukia, wala hakuwa na ubaya, aliuliza tu kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mwanangu, wewe ulijua kusoma miaka yote hii. Mbona hukunionyesha?"

Ndugu zangu, nawaambia, swali hilo ninalo mpaka leo. Mtu mwenye haya angejiuliza. Mimi nikamchukia mwalimu. Nikaona ameniibia nafasi ya sekondari, sasa ananiibia na mama.

Wiki chache baadaye mtani wangu akamaliza kuandika. Kazi ya misimu miwili, kurasa nyingi, zote kwa mkono wake. Akazitia ndani ya bahasha nene za kaki, akazifunga kwa kamba ya katani, akaniletea langoni. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia barua: nazisoma, napiga muhuri, kila Alhamisi karandinga linakwenda Lindi mjini na mimi nazipeleka posta. Chuo kilikuwa kimempa mwisho wa kuwasilisha. Mzigo ulitakiwa uwe umefika kabla ya msimu wa korosho kuanza, la sivyo jina lake linafutwa. Ilibaki miezi mitatu. Alinieleza yote hayo amesimama wima, jasho linamtoka, kama anayekabidhi mtoto.

Nikaupokea mzigo, nikaukalia. Nikasema, "Mtani, huu nimeuteka. Leta ukombozi!"

Walikuwepo askari wenzangu, wakacheka. Na yeye akacheka. Akasema, "Mmwera huna haya, unamnyang'anya mfungwa. Nikukomboe na nini, kandambili?"

"Utajua mwenyewe."

"Basi ningoje mpaka Idi."

Idi ilikuwa karibu. Gereza lilichinja, kila mfungwa akapata kipande kimoja cha nyama. Kipande kimoja, kwa watu ambao mwezi mzima walikuwa hawajaonja. Mtani wangu akanijia amekishika kwenye jani la mgomba, hajakigusa. Akanipa kwa mikono miwili huku anacheka. "Haya, mtani. Nimejikomboa."

Nilikula ile nyama mbele yake. Ilikuwa na mfupa, nikaufyonza. Nikamwambia, "Alhamisi unaondoka mzigo wako."

Haukuondoka. Niliupeleka nyumbani ndani ya gunia la korosho, nikauweka kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha mama. Nilijiambia nauchelewesha wiki moja tu, aone na yeye utamu wa kuwa wa tatu. Wiki ikawa mbili. Barua ya chuo ikaja kuuliza mzigo uko wapi, na hiyo nikaitia sandukuni. Hapo utani ulikuwa umekwisha zamani, ila mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Akaniuliza stakabadhi ya posta, kile kikaratasi cha rejista. Nikasema kimepotea. Alinitazama muda, nikaona usoni mwake kwamba ameelewa. Sasa hebu fikirini alivyokuwa. Angemwambia nani? Mfungwa akimshitaki askari, askari ndiye anayeaminiwa, na mimi ndiye niliyeshika lango na barua zote. Angekasirika? Mtani hana ruhusa ya kumkasirikia mtani, na mbele za watu mimi nilikuwa nimeuchukua kwa utani. Mahakama ilimfunga mara moja. Mimi nilimfunga mara ya pili, tena kwa kamba ya mababu zetu wenyewe.

Aliendelea kufundisha kisomo. Aliendelea kuniita mtani. Alikonda tu.

Katika siku hizo mama aliniambia, "Mwanangu, chini ya kitanda changu nasikia mchwa." Nikamjibu, "Achana nao, mama, nitaangalia." Sikuangalia, maana kuangalia ni kulifungua lile sanduku.

Halafu mama akaugua, kifua na homa. Siku nne. Siku ya tano alfajiri akatutoka. Mungu amrehemu. Ahsanteni, amina.

Bwana jela alikuja mwenyewe kunipa pole. Akasema ametoa wafungwa wanne wachimbe kaburi, na mmoja ameomba kwa kinywa chake awe ndani ya hao wanne. Sikuuliza ni nani. Mmwera amefiwa na mtani wake yupo hapo hapo uani, nani mwingine achimbe?

Tulipofika makaburini na jeneza, baada ya kumsalia, kaburi lilikuwa tayari, zuri, mwanandani umenyooka. Wafungwa watatu wamesimama kando na majembe. Mtani wangu haonekani. Tukachungulia. Yumo ndani, amelala chali, mikono kifuani, macho ameyafumba.

Watu wakaguna, halafu wakaanza kucheka kidogo kidogo, maana desturi wanaijua, mtani hulishika kaburi mpaka alipwe. Mjomba wangu, kaka yake marehemu, akaenda ukingoni. "Haya, Mngindo, toka. Unataka nini?"

"Sitoki," sauti ikatoka chini. "Kaburi limekombolewa?"

Mjomba akasema, "Kuku."

"Kuku mpe mkeo."

Wakacheka. Mwingine akasema jogoo, mwingine akasema mbuzi. Akakataa yote. Shehe akatazama jua, akasema, "Jamani watani, maiti hasubirishwi." Ndipo mtani wangu akafumbua macho. Hakumtazama mjomba wala shehe. Alinitazama mimi.

Akasema kwa sauti ya utani, ile ya kuimba, kila mtu akasikia: "Mwenye msiba ana kitu changu! Alikiteka, nikakikomboa kwa nyama ya Idi. Nyama ameila, na kitu amebaki nacho! Huyu mama ni mwanafunzi wangu, nimemfundisha jina lake. Simpokei mpaka mwanawe aseme atanipa changu!"

Makaburi yote yalicheka. "Mpe! Mpe!" wanaimba na kupiga makofi. "Mmwera mchoyo, mpe!" Walidhani ni kofia, au jembe, au konzi ya karanga. Kati ya watu wote wale, tuliojua tulikuwa wawili. Yeye alikuwa bado anatabasamu na machozi yanamchuruzika kuelekea masikioni, amelala vile. Alikuwa amepata mahali pamoja tu duniani ambapo mfungwa anaweza kumshitaki askari mbele ya halaiki na asiadhibiwe, naye akapatumia.

 Nilipiga magoti kwenye udongo.

"Nitakupa," nikasema.

"Lini?"

"Leo."

"Sema mbele ya mama."

Nikaweka mkono juu ya jeneza nikasema, "Mama, leo namrudishia mwalimu wako karatasi zake." Kicheko kikakatika. Hakuna anayekomboa utani kwa karatasi. Wengine walianza kuelewa, na bwana jela alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mtani wangu akainuka, akajikung'uta, akanyoosha mikono juu. Mama alishuka kaburini mikononi mwake. Alimlaza taratibu kama mtu anayemlaza mama yake mwenyewe, na alifanya hivyo kabla ya kuona karatasi hata moja.

Nilirudi nyumbani, nikavuta sanduku. Lilikuwa jepesi. Mchwa walikuwa wameingilia chini. Bahasha ya juu nzima, bahasha ya chini unga mtupu. Sura yote ya hesabu za maua, misimu miwili ya jua, imeliwa. Nikakaa sakafuni, ukutani jina la mama la mkaa linanitazama. Ningeweza kusema mchwa ndio waliofanya. Mchwa hawana wa kuwatetea. Lakini nilikuwa nimeapa juu ya jeneza, nikabeba sanduku kichwani hadi ofisini, nikaliweka juu ya meza ya bwana jela, nikavua mkanda.

Tepe zote mbili nilivuliwa kwenye gwaride, mbele ya wafungwa. Nikapelekwa jikoni. Hilo mnalitazamia. Jambo ambalo sikulitazamia ni hukumu ya pili. Bwana jela alimwita mtani wangu, akamwuliza kama ataweza kuiandika kazi yake upya. Akasema madaftari ya shambani anayo, hesabu zimo, lakini kuzipanga na kunakili kazi nzima kwa muda uliobaki mtu mmoja hawezi. Bwana jela akanigeukia. "Wewe mwandiko wako ni mzuri kuliko wa karani wangu. Utanakili."

Kwanza nilinakili barua ya kukiomba chuo kituongeze muda. Bwana jela alikuwa ameandika, "Mzigo ulichelewa kwa uzembe wa askari wa lango." Nikamwomba nibadilishe neno moja. Akaniuliza, lipi? Nikasema, "Haukuwa uzembe, bwana. Uzembe mtu husahau. Mimi kila siku nilikumbuka. Ulikuwa wivu." Akasema, andika. Hivi ninavyosema, kwenye faili la chuo kikuu fulani kuna barua inayosema mimi ni mtu mwenye wivu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Chuo kiliongeza miezi miwili.

Nikawa asubuhi napika uji wa wafungwa, mchana nakaa upande mmoja wa ile meza yenye kufuli, mtani wangu upande wa pili. Yeye anapanga hesabu, mimi nanakili. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane, nilinakili maneno nisiyoyajua kama mtu anayechora. Nikauliza moja. Akanieleza. Nikauliza jingine. Siku moja nikamwambia, "Mti wa tatu mstari wa mwisho umekosea. Siku ile mvua ilinyesha, hukuhesabu, ulijificha chini ya turubai na mimi." Akatazama daftari lake. Ilikuwa kweli. Akaifuta ile hesabu, akaniambia, "Kumbe ulikuwa unasoma muda wote ule." Nikachovya kalamu, nikaendelea kunakili.

Mwisho kabisa ukabaki ukurasa wa shukrani. Huo ulikuwa kwenye bahasha ya juu, haukuliwa. Aliuandika kabla sijaiba. Ameshukuru chuo, ameshukuru bwana jela, ameomba radhi kwa watoto wa yule mama aliyemgonga. Na chini yake: "Na askari, mtani wangu, aliyesimama nami juani misimu miwili nikihesabu maua." Jina langu limeandikwa kamili.

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia, "Hili litoe."

"Nakili."

"Mtani, litoe. Nakuomba."

Akasema, "Wewe Mmwera, kazi yako ni kunakili, si kutunga. Kwani hukusimama juani?"

Nikanakili. Ndugu zangu, nimepigwa na baba, nimepigwa na mwalimu, nimevuliwa tepe mbele ya watu. Hakuna kilichoniuma kama kuliandika jina langu mwenyewe pale.

Majibu yalikuja msimu wa korosho uliofuata. Barua haikuwa tena chini yangu, nilikuwa nakoroga sufuria. Mtani wangu akaja jikoni na bahasha haijafunguliwa, bwana jela nyuma yake. Akaniambia, "Ulizisoma zangu bila ruhusa. Hii nakuruhusu." Nikafuta mikono, nikasoma kwa sauti mbele ya foleni ya uji. Alikuwa amepata. Wafungwa wakagonga masufuria mpaka ndege wakaruka kwenye mikorosho.

Sasa nisiwadanganye. Mnataka niseme siku ile wivu ulikwisha. Haukwisha! Niliisoma ile barua na wivu wangu. Niliutazama ule muhuri wa chuo nikautamani kama mtoto anavyotamani andazi la mwenzake. Tofauti ilikuwa moja, kwamba safari hii niliusema. Nilimwambia, "Mtani, nakuonea wivu." Akachukua kipande cha karatasi, akaandika anwani ya masomo ya sekondari kwa posta, akanitilia mfukoni mwa aproni. "Basi nenda kauhangaikie," akasema.

Nimeuhangaikia. Kidato cha nne nilikimaliza nina mvi. Leo nafundisha kisomo Mtanda, na somo la kwanza kila mwanafunzi wangu anaandika jina la mama yake kabla ya lake.

Kwa hiyo, askari mwenzangu wa pale langoni, mwanao aliyekosa nafasi mlete kwangu Mtanda, nipo, siombi kitu. Uchungu wako ni wa haki. Ila usiupeleke kwa huyu aliyekaa mkeka mmoja na wewe. Siye aliyekunyima. Akisoma humu ndani hakupunguzii mwanao hata herufi moja, na siku atakayotoka atakuwa jirani yako, utapenda awe anajua kitu. Na nyinyi wawili mtakaosoma shahada ya pili, kumbukeni kuna mtu anasimama juani mkisoma. Mwulizeni na yeye anataka kusoma nini. Mimi hakuna aliyeniuliza, na sikuthubutu kusema.

Namshukuru yule bwana jela, popote alipo, aliyenipa kalamu badala ya kunifukuza. Namshukuru mke wangu aliyekula mshahara wa jikoni bila kuninunia. Namshukuru mama kwa lile swali lake. Na namshukuru mtani wangu. Sitamtaja. Yupo hapa, ndiye atakayewafundisha kuanzia kesho, na mkimsikia mtu anacheka vibaya huko nyuma, ndiye huyo.

Nina deni moja tu la kumlipa. Juu ya lile lori la mihogo nilikuja na mbuzi, tangu asubuhi yuko jikoni, harufu mnaisikia. Kila mmoja wenu atapata kipande. Lakini cha kwanza, bwana nyapara, nakuomba ukiweke kwenye jani la mgomba unipe mimi, nimpelekee mwenyewe kwa mikono miwili.

Unasemaje, mtani? Sema kwa sauti huko nyuma, wenzako hawasikii.

Anasema kile cha Idi kilikuwa na mfupa. Haya, nyapara, tafuta chenye mfupa.